Mabao ya Papa Numbi

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Masomo yameanza na mvua imeanza siku hiyohiyo, kana kwamba vilipatana. Mama ameniamuru niandike Kiswahili mpaka Noeli. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Lubumbashi, na hata leo ananisahihishia meseji za simu. Anasema nikiendelea hivi nitabaki na Kiswahili cha kuombea chumvi mezani tu. Haya, mama. Naandika. Ila daftari hili usilifungue.

Leo profesa wa takwimu alitugawia wachezaji wa zamani wa besiboli. Darasa zima liliguna. Nani hapa Brussels anajua besiboli? Mtu anarushiwa mpira, anaupiga kwa rungu, anakimbia, basi. Lakini Wamarekani wameandika kila pigo tangu zamani hizo, na profesa hapendi mchezo wenyewe, anapenda tarakimu zake. Kila mmoja wetu ampime mpigaji wake na wenzake wa wakati ule. Mimi nimepewa mmoja wa mwaka 1894. Ana masharubu.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimemvua taji mzee wa masharubu, na sitadanganya, nimefurahi.

Ukimtazama kwa macho ya leo ni mfalme. Kila aliposimama mara kumi kupiga, alifaulu tatu na nusu na ushee. Mchezaji wa siku hizi akifika hapo wanamwimbia. Lakini mwaka ule warushaji walikuwa wamesogezwa nyuma muda si mrefu, mipira ikawa inapigika kirahisi, na kila mtu alikuwa mfalme. Nilimpanga na wenzake mstari mmoja baada ya mwingine: akazama katikati ya umati. Profesa alisoma kazi yangu mbele ya wote. Akarudia sheria yake: usimpime mtu kwa macho ya leo, mpime na wale waliosimama naye uwanjani mwaka uleule.

Nilirudi nyumbani nikitembea kwa maringo mpaka Porte de Namur. Mvua ilininyeshea na sikujali.

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya misa tulishuka kwenye chumba cha chini ya kanisa kunywa chai, na Papa Numbi akaanza. Kila Jumapili anaanza. Ana miaka sabini na kitu, anakaa mtaa wa Forest na mkewe Maman Berthe, alifanya kazi kiwandani mpaka akapumzishwa, lakini yeye mwenyewe ukimuuliza kazi yake atasema mchezaji wa mpira. Timu yake ni Étoile ya Katuba, Lubumbashi, enzi hizo.

"Ma-but quarante!" anasema, yaani mabao arobaini, na kijiko mkononi. "Quarante! Na huu muguu ya kushoto. Golikipa alikuwa ananiona, anaanza kusali."

Sisi vijana tunaijua hadithi hiyo mpaka mahali pa kukohoa. Wengine wanaisema pamoja naye, midomo tu, bila sauti. Mimi pia. Leo nilimwambia kwa adabu zote, "Papa, mimi ninavutiwa sana na historia ya kandanda."

Akaweka kijiko chini. "Eh, Inès! Hiyo Kiswahili ulinunua Flagey, ku soko?"

Wote walicheka. Mpaka mama yangu, mwenye Kiswahili hicho, alicheka. Uso ulinichoma.

Kisha Papa Hilaire akasimama. Ni mtu wa Bukavu, msimamizi wa chama chetu, na hawezi kusema jambo lolote akiwa amekaa. Alitangaza kwamba mwezi wa kumi na mbili watoto watacheza mashindano ndani ya ukumbi kule Forest, na kombe litaitwa Coupe Papa Numbi. Mzee alivua kofia. Akawa anaipindua tu mikononi. Lakini mimi nilikuwa bado nawaza soko la Flagey.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kazi ya pili, kubwa zaidi, tunaweza kuchagua mchezaji wetu. Nimemwomba profesa niache besiboli. Nimemwambia kuna mzee wa kwetu anayedai mabao arobaini. Amesema ni wazo zuri mno. Maktaba kubwa ya taifa ina magazeti ya Lubumbashi ya miaka ile.

Jumanne, 14 Oktoba

Maandamano mjini, hakuna metro. Nililala.

Jumamosi, 18 Oktoba

Magazeti yamepigwa picha kwenye filamu, unayazungusha kwa mkono na macho yanatoka maji. Gazeti lile lilikuwa na mtindo wake: lilimwita kila mchezaji kwa jina moja tu. Donat amefunga. Fidèle amekosa. Gaspard ametolewa nje. Étoile ya Katuba imo kila wiki. Nimesoma kuanzia 1968 mpaka 1970. Donat huyu alikuwa balaa. Numbi hayumo hata mara moja, hata kwenye benchi.

Mama aliniuliza jioni, tukila bukari, ugali wetu, "Umeenda kumuona Papa Numbi mwenyewe?"

"Nina magazeti, maman."

"Magazeti haina kinywa," akasema, na akaniongezea sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mama akikasirika anasahau sarufi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimemaliza! Nina misimu yote mpaka 1975, na nina ugunduzi ambao sikuutafuta. Mwaka 1972 Étoile ya Katuba ilibadilisha kikosi kizima. Donat, Fidèle, Gaspard, wote wanatoweka, na mahali pao wanaingia Numbi, Kasongo, Ilunga, watu ambao gazeti halijawahi kuwataja. Msimu mmoja wako wale, msimu unaofuata wako hawa. Profesa atapenda sana. Nimekiita "kizazi kipya".

Na Papa Numbi wetu? Mabao kumi na moja. Siyo arobaini. Kumi na moja, wa sita katika orodha ya timu yake. Juu kabisa yupo Donat, mabao thelathini na nane, na wa pili hamkaribii. Ikiwa kuna kombe la kuitwa kwa jina la mtu wa Katuba, ni la huyo.

Nilicheka peke yangu pale maktaba mpaka jirani akanitazama. Sasa tutaona nani alinunua nini Flagey.

Jumapili, 2 Novemba

Misa ya marehemu. Tuliwasha mshumaa wa baba. Papa Numbi alikuja kusimama karibu nasi kama kila mwaka, kofia kifuani. Alinuka ile dawa ya kupaka goti. Nilisogea kidogo.

Jumanne, 11 Novemba

Likizo. Nimepanga picha za kuonyesha ukutani. Papa Hilaire amekubali nizungumze Jumapili. Nimemwambia ni historia ya mpira wa Katanga kwa ajili ya kombe. Amesema, "Très bien, binti, tunapenda batoto benye kusoma." Sikumwambia zaidi.

Jumapili, 16 Novemba

Niandike taratibu, nikumbuke yote, kwa kuwa leo nilikuwa mtu.

Chumba cha chini ya kanisa kilijaa. Mama alinivalisha gauni la kitenge cha Pasaka na yeye akakaa mbele na mkoba mapajani. Maman Berthe na wanawake wengine walikuwa jikoni, samaki wanakaangwa, mlango umefungwa kwa ajili ya harufu. Papa Numbi alikuwa mstari wa pili. Alikuwa amenyolewa vizuri.

Nilianza na mzee wa masharubu. Nikaeleza jinsi mtu anavyoonekana mfalme mpaka umpange na wenzake. Walicheka vizuri. Nikasema, "Sasa tuje kwetu." Nikabonyeza, orodha ikatokea ukutani, herufi kubwa. Donat, trente-huit. Chini yake wengine. Kisha wa sita: Numbi, onze.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Halafu kijana mmoja wa kwaya akasoma kwa sauti, "Onze?" na kicheko kikaanza kule nyuma, kikashuka mstari kwa mstari. Mtu akasema, "Quarante imekuwa onze, yooo!" Papa Hilaire alipiga meza wanyamaze, na yeye mwenyewe alikuwa anabana midomo.

Nikamalizia sentensi niliyoifanyia mazoezi mbele ya kioo: tusichukue kumbukumbu badala ya ushahidi.

Papa Numbi alisimama. Polepole, kwa sababu ya goti. Aliutazama ukuta, akalitazama hasa jina la juu, muda mrefu kidogo. Nilikuwa tayari kwa ubishi, nina magazeti yote kwenye kompyuta. Akanigeukia akatabasamu.

"Mutoto amesoma," akasema. "Mumupigie mikono."

Wakapiga makofi. Mama alilia. Mimi nilitabasamu meno yote nje. Chakula kilipoletwa nilimtafuta mzee nimsalimie kama mshindi mwenye adabu, nikaambiwa amekwenda, alisahau hata kofia.

Alhamisi, 20 Novemba

Kumi na saba juu ya ishirini. Profesa ameandika pembeni ya "kizazi kipya": uchambuzi mzuri sana. Mama ameibandika karatasi hiyo kwenye friji.

Jumapili, 23 Novemba

Papa Numbi hakuja kanisani. Maman Berthe alikuja peke yake. Nilimsalimia, akaitikia kwa Mungu, siyo kwangu, macho yake yalikuwa altareni.

Kofia bado iko juu ya kabati la vikombe.

Jumatano, 26 Novemba

Mgomo, tramu hakuna, basi hakuna. Papa Hilaire amenipigia simu. Kamati imekaa. Kwa kuwa ushahidi upo, kombe litaitwa Coupe Donat, na jina limekwisha kuchongwa. "Tulizungumuza na Papa Numbi ku téléphone. Akasema c'est bien, Donat anastahili. Muzee iko na roho muzuri, kweli."

Nilipaswa kufurahi. Nilikaa na simu mkononi. Mtu aliyejisifu miaka yote hii anyang'anywe kombe na aseme c'est bien? Angalau angenitukana.

Jumapili, 30 Novemba

Hakuja tena. Chai ya leo ilikuwa fupi. Ajabu, watu hawakujua waongee nini. Kijana wa kwaya alijaribu kuigiza "golikipa anaanza kusali" na hakuna aliyecheka, akanywa chai yake.

Nikiwa nakunja viti mama akaniambia, "Baba yako alipokufa, nani alikupeleka shule?"

Najua nani alinipeleka. Nilikuwa darasa la kwanza na mama hakuweza kuinuka kitandani. Papa Numbi alikuwa akitoka Forest gizani, akiwa ametoka zamu ya usiku, ananishika mkono mpaka mlango wa shule, na njiani ananifundisha kupiga jiwe kwa mguu wa kushoto. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeliweka mahali ambapo sihitaji kulitazama.

Nilichukua kofia.

Jumamosi, 6 Desemba

Sijui nitaandikaje. 

Nilikwenda Forest na kofia ndani ya mfuko. Maman Berthe alifungua mlango. Hakusema karibu, lakini aliacha mlango wazi na akarudi jikoni, nikamfuata. Alikuwa anachambua mchicha wa lengalenga juu ya karatasi. Sebuleni, kupitia mlango, niliona mgongo wa Papa Numbi kwenye kiti, televisheni, kikombe cha chai.

"Nimeleta kofia, maman."

"Weka."

Nikaweka. Nilisimama tu. Yeye alichambua majani kama yaliyomkosea.

"Inès," akasema bila kuinua macho. "Ule Donat yako, weye unamujua ni nani?"

"Mchezaji wa Étoile, maman. Alikuwepo kabla ya Papa Numbi. Aliondoka mwaka sabini na mbili, sijui alihamia wapi."

Aliacha majani. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na katika macho yake sikuona hasira. Ilikuwa huruma, na hiyo ilinitisha zaidi.

"Hakuhamia fasi yoyote. Donat njo ule anakunywa chai pale."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya chini ili asisikike sebuleni.

"Soixante-douze serikali ilisema majina ya kizungu yote, kwisha. Kila muntu atafute jina ya bankambo, ya babu zake. Padri akibatiza mutoto Joseph, banamufunga. Ku kazi, ku shule, ku gazeti, bote babadilisha. Siku ya lundi alikuwa Donat, kesho yake iko Numbi. Mama yako, alizaliwa kisha, hakupewaka prénom, jina ya kizungu. Haujauliza hata siku moja juu ya nini mama yako hana prénom?"

Sikuwahi kuuliza. Mimi niliyezaliwa Ixelles, hapa Brussels, mimi Inès, niliona watu wote wa timu wanabadilika msimu mmoja, kumi na moja wanatoka, kumi na moja wanaingia, na nikaandika kizazi kipya. Bibi yeyote anayeuza mihogo mtaa wa Matonge angecheka mpaka akae chini. Nilijua habari ya sheria ile, tulisoma. Nilijua kama unavyojua tarehe ya vita. Sikuwaza kwamba iliwapata watu wenye miguu na magoti, na kwamba mmoja wao ananywa chai nasi Jumapili.

Nilimpima mtu na wenzake, na mwenzake aliyemshinda alikuwa yeye mwenyewe.

"Ni Inès?" Papa Numbi aliita kutoka sebuleni. "Berthe, umupatie mutoto chai."

Niliingia. Sikukaa. Nilisema samahani kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, na yote mawili yalitoka vibaya. Alizima televisheni.

"Papa, juu ya nini haukusema?"

"Kusema nini?" Alisugua goti. "Ulisimama pale na gauni muzuri. Mama yako analia na furaha. Mi nisimame, niseme ku bantu mutoto ya Guylain hajui kitu? Hapana. Guylain alikuwa rafiki yangu."

Guylain ni baba yangu. Hakuna anayelitaja jina hilo kwetu bila kushusha sauti, yeye alilitaja kama mtu aliyeko chumba cha pili.

"Na pia," akasema, akitazama kikombe, "bantu bamechoka na ma-but yangu. Nilikuwa naona. Batoto banasema na midomo."

Nilitamani sakafu ifunguke. Alikuwa anaona. Jumapili zote zile alituona na aliendelea, kwa sababu hadithi ile ndiyo aliyokuwa nayo ya kutupa.

Nikamuuliza kwa nini baadaye, majina yaliporuhusiwa tena, hakurudi kuwa Donat. Wengi walirudi.

"Goti ilivunjika soixante-douze ileile. Donat alikuwa anakimbia. Numbi alikuwa anachechemea. Ile onze uliyoandika, ni ya kuchechemea. Mi siihesabu. Donat nilimuacha ku kiwanja, alikuwa muzuri, abakie muzuri."

Kwa hiyo arobaini yake ilikuwa ya Donat peke yake. Thelathini na nane, akaongeza mawili ya utamu. Na yale kumi na moja niliyoyapanga ukutani kwa herufi kubwa yalikuwa ndiyo pekee ambayo hakuwahi kujisifia.

Nilimwambia nitasema, Jumamosi ya mashindano, mbele ya wote. Akatikisa kichwa.

"Bachia vile. Coupe iko na jina yangu. Mi najua, Berthe anajua. Sasa na weye unajua. Inatosha."

Mlangoni Maman Berthe alinifunga zipu ya koti mpaka shingoni, kama mtoto. "Yeye anasema bachia," akasema. "Mi sikusema."

Jumapili, 7 Desemba

Nilisema naumwa. Sikwenda kanisani. Nilikuwa naumwa kweli, ila hakuna dawa yake.

Jumatatu, 8 Desemba

Mvua. Nilimfuata profesa ofisini nikamweleza. Alisoma tena ile aya ya "kizazi kipya" na sifa aliyoandika kwa mkono wake, na shingo yake ikawa nyekundu. Akaniuliza swali moja: timu nzima inabadilika, mzee yuko mjini hapa hapa, na hukumuuliza? Nikasema hapana. Hakuuliza kwa nini. Alama imefutwa, nitarudia mwezi wa kwanza. Nilimshukuru, nikatoka, nikasahau mwavuli na sikurudi kuuchukua.

Nyumbani nilibandua karatasi kwenye friji. Mama aliniona. Nilimweleza yote nikiwa nimeegemea sinki. Nilitegemea anigombeze. Alivuta kiti akakaa.

"Na mimi nilipiga makofi," akasema. "Niliona jina Numbi, na namba, na wewe. Sikuona kitu kingine. Mwalimu mzima."

Jumatano, 10 Desemba

Mzee amesema niache. Kunyamaza kwake kunanifaa mimi: nibaki binti msomi, yeye abaki mwongo mwenye roho nzuri. Hapo ndipo inaponiuma. Angenidai kitu ningelipa. Hadai.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimeamua. Kisha nimeogopa. Kisha nimeamua.

Jumamosi, 13 Desemba

Ukumbi wa Forest ulikuwa na harufu ya soksi na maandazi. Watoto walicheza tangu asubuhi, wanapiga kelele mpaka huwezi kusikia filimbi. Papa Numbi alikuja. Alikaa kwenye benchi la nyuma kabisa, koti mwilini, kofia kichwani, Maman Berthe pembeni yake. Watu walimsalimia kwa upole ule wa kumsalimia mgonjwa. Nilimwona kijana wa kwaya akimpigapiga begani. Nikageuka.

Fainali ilipokwisha Papa Hilaire alishika maikrofoni. "Bon! Coupe Donat! Huyu Donat hatujui kama iko muzima ao alikufa, lakini tunamuheshimia. Alors, nani atapatia batoto coupe? Inès, kuja, wewe njo ulimufukua."

Nilikwenda. Kombe lilikuwa mezani, jina limechongwa, linang'aa. Nilichukua maikrofoni kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeandika maneno mazuri kwenye karatasi. Sikuitoa. Kiswahili kilichotoka hakikuwa cha mama wala cha vitabu.

"Nilibadanganya," nikasema.

Kelele zikaendelea. Nikarudia, wakubwa wakanyamaza, kisha watoto.

"Ile siku nilibaonyesha orodha. Ilikuwa uongo. Siyo gazeti, ni mimi. Sikuuliza. Soixante-douze majina yalibadilishwa, nyinyi wakubwa mnajua. Donat hakuondoka. Donat na Numbi ni muntu mumoja. Trente-huit na onze ni za muntu mumoja. Papa alisema quarante, na sisi tulicheka. Ni quarante-neuf, arobaini na tisa. Hakuna hata mumoja wa wakati yake anamufikia. Alikuwa anapunguza, na sisi tulimucheka."

Mama mmoja mzee alisema "Yooo" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeungua. Papa Hilaire alikaa. Sijawahi kumwona akisikiliza akiwa amekaa. Kijana wa kwaya alitazama viatu vyake. Hakuna aliyecheka, na ningependa wangecheka, wangenicheka mimi, ningejua la kufanya na kicheko. 

"Papa Donat," nikaita.

Hakuinuka. Alikuwa anatazama mbele, na nikaona kwamba hajaelewa kuwa ni yeye anayeitwa. Hakuna aliyemwita hivyo tangu akiwa na miguu miwili mizima. Maman Berthe hakumgusa. Alimwacha.

"Papa Donat."

Hapo ndipo alivua kofia. Akanyoosha mkono juu, mkono mzima, kama mwanafunzi anayesomewa majina darasani.

"Présent," akasema.

Alitembea mpaka mbele na goti lake, ikachukua muda, na ukumbi mzima ulimsubiri. Akachukua kombe, akasoma jina, akapitisha kidole juu ya herufi. Kisha akalikabidhi kwa watoto. Nilikuwa nalia pale na sikuwa na mahali pa kujificha, kamasi na yote. Nilimnong'oneza samahani. Akachukua maikrofoni mikononi mwangu, nikangoja. Sasa angeweza kuniumbua. Alikuwa na haki yote, na watu wote walikuwa upande wake.

"Mutoto amesoma," akasema. Sauti ileile ya siku ile, tabasamu lilelile. "Mumupigie mikono."

Na wakapiga. Mama, Papa Hilaire, watoto na soksi zao. Mara ya kwanza makofi hayo niliyapokea meno yote nje. Leo sikujua niyaweke wapi, na hata sasa nikiwa nimekaa hapa mezani bado nayasikia.